Ufunguo wa Windows Umo Ndani ya Laptopu Yako: Usome Kabla Hujamlipa Fundi

Ukipita barabara ya Ukunda kuelekea Diani, au ukishuka Msambweni, hukosi saiba. Hapo ndipo watu wanapojaza fomu za KRA, vijana wanapoomba mkopo wa HELB, na wazee wanapofuatilia vyeti kwenye eCitizen. Na pembeni ya saiba hakukosi meza ya fundi: bisibisi, flashi mbili tatu, na laptopu za watu zimepangwa zikingoja zamu.

Meza kama hiyo mimi nimeikalia. Laptopu yangu ilianza kusuasua, nikaipeleka kwa fundi, naye akaniambia dawa yake ni kuifomati. Akataja bei ya kazi, kisha akaongeza: "Na leseni ya Windows, kaka, hiyo ni elfu moja kando." Sikubisha. Mtu hajui, atabisha vipi? Nikalipa, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha.

Miezi sita baadaye, pembeni mwa kioo yakatokea maandishi hafifu yakinitaka niamilishe Windows. Nikarudi kwa fundi. Akataka elfu nyingine. Safari hii niliuliza, nikasoma, nikajaribu, na nilichokipata kiliniuma kuliko zile pesa: leseni nilikuwa nayo tangu siku niliponunua ile laptopu. Ilikuwa imeandikwa ndani ya mashine yenyewe na kiwanda kilichoitengeneza. Nilinunua kitu changu mwenyewe.

Naandika haya sasa kwa sababu meza za mafundi zina shughuli. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, na wengi wanapeleka mashine zao zibadilishwe ziwe Windows 11. Kabla hujaitoa yako mkononi, jifunze jambo moja la dakika mbili: kuuliza mashine ikutajie ufunguo wake.

Ufunguo wenyewe ni nini

Unaponunua Windows, hununui programu ile. Unanunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Ufunguo ni alama ya ruhusa: herufi na tarakimu 25, zimegawanywa mafungu matano ya herufi tano tano, na kistari kati ya fungu na fungu.

Zamani ufunguo ulibandikwa kwa karatasi chini ya laptopu. Wenye mashine za Windows XP na Windows 7 wanaikumbuka karatasi ile, na wanakumbuka pia ilivyofutika. Kwa jasho la mapaja na hewa yetu ya chumvi, baada ya miaka miwili ilikuwa haisomeki. Akija fundi kufomati, hapana ufunguo.

Mambo yalibadilika mwaka 2012 ilipotoka Windows 8. Tangu hapo watengenezaji wakubwa wa laptopu huandika ufunguo kiwandani ndani ya chipu iliyo kwenye bodi kuu ya mashine. Chipu hiyo ndiyo inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha, hata kabla Windows haijaanza. Sehemu ulipohifadhiwa ufunguo inaitwa MSDM.

Hapa pana jambo la kushika. Kwa kuwa ufunguo umo kwenye bodi, wala haumo kwenye diski, hauondoki kwa kufomati. Badilisha diski, weka SSD mpya, ingiza Linux ukipenda, bado ufunguo uko pale pale. Utaupoteza tu bodi yenyewe ikibadilishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimefomati, leseni imepotea," na laptopu yako ilitoka dukani ikiwa na Windows 8, 10 au 11, muulize maswali zaidi.

Kuusoma kwa amri moja

Huhitaji kupakua chochote. Windows yenyewe ina njia ya kujibu. Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika PowerShell, bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuifungua kama msimamizi. Patafunguka dirisha la maandishi matupu. Andika hivi, kisha bonyeza Enter:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi 25, huo ndio ufunguo uliotoka nao kiwandani. Uandike kwenye daftari la nyumbani, kule unakoweka namba za mita na stakabadhi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa uliza swali la pili, kwamba ufunguo huo ni wa Windows ya aina gani:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKeyDescription

Jibu likiwa na neno Professional, una leseni ya Windows Pro. Likiwa na neno Core au CoreSingleLanguage, ni Windows Home. Usilipite jibu hili upesi, maana humu ndimo watu wengi wanamopotezea pesa. Mashine ina ufunguo wa Home, fundi ana flashi yake ya Pro anayoitumia kwa kila mteja, anaweka Pro. Ufunguo wa Home haufungui Pro, basi Windows inalalamika. Fundi anakuambia huna leseni, naye anatoa ya kwake. Kumbe dawa ilikuwa kuweka Home tu. Ukiweka aina inayolingana, Windows inausoma ufunguo kwenye chipu yenyewe, haikuulizi kitu, na ukiunganisha intaneti inajiamilisha.

Mafundi wa zamani wanaijua amri nyingine inayoanza na neno wmic. Ilifanya kazi hiyo hiyo, lakini Microsoft imeiacha, na kwenye matoleo mapya ya Windows 11 huikuti. Ukiona maelekezo ya wmic yamekataa, usidhani mashine ni mbovu. Tumia hiyo ya juu.

Na ikiwa Windows imekufa kabisa, haiwaki? Washa laptopu kwa flashi ya Ubuntu bila kuiweka ndani ya diski, fungua dirisha la amri, uandike:

sudo tail -c 29 /sys/firmware/acpi/tables/MSDM

Kwa nini 29? Ni herufi 25 pamoja na vistari vinne. Mashine haina Windows hai, na bado ufunguo wake unausoma.

Ikiwa hakuna kilichotoka

Ukiandika amri ya kwanza ukapata mstari mtupu, usikate tamaa, wala usimlaumu mtu kwanza. Zipo sababu kadhaa. Huenda laptopu ni ya enzi za Windows 7, ufunguo ulikuwa kwenye ile karatasi. Huenda bodi ilibadilishwa. Huenda mashine iliuzwa bila Windows tangu mwanzo. Au huenda leseni yako ni ya kidijitali.

Leseni ya kidijitali ilikuja na Windows 10 mwaka 2015. Hiyo haikai kwenye mashine yako. Microsoft huandika kwenye kompyuta zao kwamba mashine yenye bodi fulani imeruhusiwa. Ukifomati na kuweka aina ile ile, ukiunganisha intaneti wanaitambua. Ikiwa uliiunganisha na akaunti yako ya Microsoft, hata ukibadilisha bodi una pa kuanzia.

Hapo kuna mtego. Kwenye intaneti zimejaa programu ndogo zinazodai kukuonyesha ufunguo wako. Nyingi husoma sehemu ya Windows iitwayo rejista, mahali panapoitwa DigitalProductId. Ufunguo hapo haukuandikwa kwa herufi za kawaida. Umefungwa ndani ya baiti 15, na programu hufanya hesabu kuzigeuza ziwe herufi 25. Hesabu hiyo hutumia alama 24 tu: haina A wala E wala irabu nyingine, haina sifuri wala moja, ili mtu asichanganye sifuri na O, na ili neno la matusi lisijitengeneze lenyewe katikati ya ufunguo.

Hesabu ni sahihi, lakini jibu laweza lisikufae. Kwa mashine yenye leseni ya kidijitali, utakachokisoma hapo ni ufunguo wa jumla unaotumiwa na mamilioni ya watu duniani. Ukiona unaishia na 3V66T kwa Pro, au 8HVX7 kwa Home, huo si wako peke yako na hauamilishi chochote. Mtu akikuuzia ufunguo wa namna hiyo amekuuzia mbuzi kwenye gunia, na humo ndani hamna hata mbuzi.

Kuijua leseni ya magendo

Sasa tuseme laptopu tayari ilipita kwa fundi na inasema imeamilishwa. Utajuaje kama ni halali? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika:

slmgr /xpr

Kidirisha kikisema imeamilishwa moja kwa moja, bila tarehe ya mwisho, ni dalili njema. Kikitaja tarehe ya kuisha, endelea na hii:

slmgr /dli

Tafuta neno moja katika maelezo yatakayotokea. OEM_DM maana yake ufunguo ulitoka kiwandani na mashine. RETAIL maana yake ni wa kununuliwa peke yake au leseni ya kidijitali. VOLUME_KMSCLIENT maana yake mashine inatumia leseni ya jumla, ile ya makampuni na taasisi kubwa, inayothibitishwa na kompyuta maalumu ndani ya ofisi yao. Uthibitisho wa namna hii hudumu siku 180 tu usipohuishwa.

Siku 180 ni miezi sita. Ndiyo ile miezi sita yangu. Fundi alikuwa ameweka programu ndogo inayojifanya ni kompyuta ya ofisi kubwa. Antivairasi ikaja kuifuta, uthibitisho ukakosa wa kuuhuisha, muda ukaisha. Laptopu ya nyumbani Tiwi au Kinango haina sababu ya kusema KMSCLIENT.

Lakini tuwe waadilifu: si kila KMSCLIENT ni wizi wa fundi. Laptopu nyingi tunazonunua Mombasa ni zile ziitwazo ex-UK, zilizotoka kwenye maofisi ya ng'ambo. Zilitumia leseni ya jumla ya ofisi ile. Zikishatoka, hazimwoni tena bwana wao, na muda ukiisha zinaanza kulalamika mikononi mwa mwanafunzi wa Msambweni aliyechangiwa na ukoo mzima. Habari njema ni kwamba nyingi ya laptopu hizo zilinunuliwa na ofisi zikiwa na ufunguo wa Pro kwenye bodi, na upo hadi leo. Ofisi ile haikuutumia tu. Isome kwa amri ya kwanza. Ukiukuta, kuweka Windows Pro upya kunatosha.

Kwa nini isiwe basi tu?

Najua wapo watakaosema, "Mradi inafanya kazi, shida iko wapi?" Shida ni tatu.

Ya kwanza ni usalama. Programu za kuvunja leseni karibu zote hukutaka uzime antivairasi kwanza, na huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi. Yaani umemfungulia mgeni mlango wa nyuma, umemfunga mbwa, ukampa na taa. Akiamua kukaa humo akisikiliza nywila, nani atamwona? Kwa laptopu ya filamu nyumbani ni hasara yako. Kwa kompyuta ya saiba, inayopitiwa na PIN za KRA na vitambulisho vya watu wa mtaa mzima, ni hasara ya jamii. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na mwenye saiba anabeba dhamana ya taarifa za wateja wake.

Ya pili ni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi. Watu wa Pwani wanaojua uchungu wa shairi kuibwa wataelewa: mbele ya sheria ile, aliyeandika programu na aliyetunga shairi wamekaa mkeka mmoja.

Ya tatu ni pesa. Bei ya Microsoft yenyewe kwa Windows 11 Home ni dola 139, karibu shilingi 18,000, na Pro ni dola 199. Anayekuuzia "leseni halali" kwa mia tano hakuipata huko. Na kama ufunguo wako uko kwenye bodi, hata hiyo mia tano huidaiwi. Ufunguo wa kiwandani wa Windows 10 unaamilisha Windows 11 pia, mradi aina ni ile ile na mashine inakidhi masharti ya Windows 11, likiwemo la kuwa na chipu ya usalama ya TPM 2.0.

Wenye saiba, shule na vituo vya vijana

Mwenye laptopu moja anaandika amri moja. Mwenye mashine ishirini atachoka, na atakosea kunakili. Hapo ndipo inapofaa mashine ijiandikie yenyewe. Chomeka flashi, fungua PowerShell, weka mistari hii mitatu:

$k = (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

$s = (Get-CimInstance Win32_BIOS).SerialNumber

"$env:COMPUTERNAME,$s,$k" | Out-File E:\daftari.csv -Encoding utf8 -Append

Mstari wa kwanza unachukua ufunguo, wa pili unachukua namba ya mashine iliyotoka kiwandani, na wa tatu unaandika vyote pamoja na jina la kompyuta kwenye faili iitwayo daftari ndani ya flashi. Ikiwa flashi yako haikupewa herufi E, badilisha. Nenda mashine ya pili, rudia. Neno la mwisho linahakikisha kila mashine inaongezwa chini ya mwenzake bila kufuta. Ukimaliza chumba kizima, faili inafunguka kwenye Excel au LibreOffice kama jedwali.

Ukitaka na hali ya leseni ya sasa, ongeza amri hii:

Get-CimInstance SoftwareLicensingProduct | Where-Object PartialProductKey | Select-Object Name, Description, PartialProductKey, LicenseStatus

Namba 1 kwenye LicenseStatus maana yake imeidhinishwa. Utaona herufi tano tu za mwisho za ufunguo unaotumika. Hiyo si hitilafu. Microsoft huficha nyingine makusudi, na tano zinatosha kulinganisha na daftari lako.

Kwa mwalimu aliyekabidhiwa kompyuta za msaada, jedwali hili ni ushahidi. Akija mkaguzi, akija fundi, akija mwalimu mwingine baada yako, kila mashine ina cheti chake. Na ile ambayo haina ufunguo, mnajua mapema ni ya kununuliwa leseni au ni ya kuwekwa Linux, ambayo haidai leseni ya kulipia. Programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kutumia kitu cha bure kihalali hakumshushi mtu hadhi.

Tahadhari

Daftari hilo ni siri. Usilitume kwenye kundi la WhatsApp, usipige picha ya kioo ukaomba msaada Facebook huku herufi zote 25 zinaonekana. Ufunguo ulionunua mwenyewe ukichukuliwa na kutumiwa kwingine, Microsoft inaweza kuufungia, na mwenye hasara ni wewe. Weka nakala moja ya karatasi na moja kwenye flashi inayofungiwa kabatini.

Pili, kusoma ufunguo wa mashine yako ni haki yako. Kusoma wa mashine ya mteja ili uuhamishie kwingine si haki. Ufunguo wa kiwandani hufuata mashine yake mpaka mwisho wa uhai wake.

Nimalizie kwa mafundi wetu, maana sitaki makala haya yageuzwe fimbo ya kuwapigia. Kufomati ni kazi, kuokoa faili ni kazi, kukaa na mashine usiku kucha ni kazi, na jasho la fundi lilipwe. Wapo Ukunda na Kombani mafundi waaminifu ambao husoma ufunguo kwanza, wakaweka Windows inayolingana, wakachukua pesa ya kazi tu. Utawajua kwa maswali matatu. Muulize: mashine yangu ina ufunguo wa aina gani? Utaniwekea Windows ya aina hiyo hiyo? Ukimaliza, tutaandika slmgr /xpr pamoja tukiangalia?

Fundi mzuri atajibu huku akitabasamu. Akikunja uso, funga laptopu yako taratibu, uende meza ya pili.